Kaseti Ilipokwisha

Juzi, kwenye matanga ya mama hapa Bunia, DJ alifungua ordinatere, kompyuta yake, na nyimbo zikaungana bila hata pumzi kati yao. Nikakumbuka alasiri ya matanga ya baba, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na moshi wa makala ya kupikia. Muyomba, kaka ya mama, ndiye aliyepiga muziki, kwa radio moja. Kaseti ikiisha, aliirudisha nyuma kwa kalamu ya biki asimalize betri, na katika kimya kile wamama walilia kwa sauti. Mimi, mtoto bado, nilifikiri wanalilia muziki.

“Muyomba, fanya mbio, mama iko analia,” nikamwambia.

“Acha alie kwanza,” akasema, akizungusha polepole.

Juzi nilikaa mpaka jioni, nikingoja wimbo uishe nilie. Haukuisha.