Gemu Iliyonishikia Usukani

Toleo jipya la gemu ya magari lilipotoka, kwenye kundi letu la simu watu walianza kutukanana kabla siku ya pili haijaisha. Sisi wakongwe, tulionunua usukani na pedeli kwa kujinyima, tulilalamika kwamba gari limekuwa jepesi kama toroli tupu. Wageni wakatujibu tuache ushamba, hii ni gemu tu. Baada ya siku chache mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nashinda, na nilikuwa na sababu ya kutaka kushinda ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwenye kundi.

Miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nashusha lori dogo la mboga kutoka Mgeta. Nyuma kulikuwa na kabichi, karoti na kina mama wenye mizigo yao. Nilichelewa kupunguza gia, nikategemea breki, breki zikachemka, na kwenye kona moja kali tukaenda kujibamiza kwenye ukingo wa mlima. Hakufa mtu, ila mama mmoja alivunjika mkono. Upande wa pili wa barabara ile ni korongo, na hatukuangukia huko kwa bahati tu, si kwa ujanja wangu. Tangu siku hiyo nikikaa kwenye usukani mahali penye mteremko, mguu unaganda. Mwenye lori, mzee mmoja wa huko huko milimani, hakunifukuza. Alinipa kazi ya kupakia.

Nyumbani Bigwa nikaifanya gemu kuwa shule yangu. Toleo la zamani halikuwa na huruma. Ukishuka mlima kwa breki peke yake zinachemka, unakosa kona, umekwisha. Nilianguka humo kila siku, na nililipenda kwa sababu halikuwahi kunidanganya. Toleo jipya lilipokuja, nilishuka mlima mzima bila kugusa ukingo. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akichambua mchele, akapiga makofi. Wiki tatu nilishuka hivyo hivyo, naye akawa ananishangilia. Nikampigia bosi, nikamwambia gemu imeniponya, Jumamosi nitashusha lori mwenyewe. Akasema sawa, atawaambia kina mama.

Ijumaa alasiri nilikuwa katikati ya mteremko mke wangu aliponiomba nimshikie ungo. Niliachia usukani nikageuka, nikijua gari limeshakwenda korongoni. Nilipotazama tena, lilikuwa limepunguza mwendo, limekata kona, linaendelea na safari zake.

Nikarudia, safari hii nimekunja mikono kifuani. Gari likashuka lenyewe mpaka chini. Nilipekua mipangilio yote nikitafuta pa kuuzima msaada huo wa gari kujiendesha, hapakuwepo. Watengenezaji walikuwa wamepaondoa, nadhani ili anayeanza asikate tamaa.

"Kumbe wiki zote hizi nilikuwa namshangilia nani?" mke wangu aliuliza, na hakuwa anatania.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Sisi tuliojinyima hatukununua sifa. Tulinunua kitu cha kutuambia ukweli kuhusu mikono yetu, na wao wakaona ukweli huo utatuudhi. Hasira ilipopoa ikaja hofu, maana kina mama walikuwa wameshaambiwa. Ningeweza kunyamaza, nikaenda kujaribu bahati yangu wao wakiwa nyuma.

Jumamosi asubuhi, Mgeta, lori lilikuwa limejaa na kina mama wameshakaa juu ya mizigo. Nilimwamkia bosi, shikamoo, akaitikia huku ananinyooshea funguo. Sikuzipokea.

"Mzee, mimi sijapona," nikamwambia. "Ni ile gemu ilikuwa inaniendesha."

Nilisubiri acheke, au anifukuze. Alipanda kwenye usukani mwenyewe, akanionyesha kiti cha pembeni. Tukaanza kushuka. Kila kona mguu wangu ulikanyaga sakafu pasipokuwa na pedeli.

Kabla ya kona ile ya ajali akasimamisha lori. Aliwaomba kina mama washuke, wavuke kwa miguu, kama wanavyofanya barabara ikiwa na utelezi. Walishuka wakinung'unika, maana siku hiyo udongo ulikuwa mkavu. Kisha naye akashuka.

"Pita peke yako," akasema.

Nikahamia kwenye usukani, nikatia gia namba moja. Mguu ukaganda, na lori likaanza kuteremka. Usukani ulikuwa mzito, na nilijua nisipouzungusha hakuna wa kuuzungusha. Niliuzungusha. Korongo likapita upande wangu, polepole mno, nikatokea upande wa pili na kusimama.

Kina mama walinifikia wakaanza kupanda. Mmoja akakaa mbele, akafunga mlango, akaniambia twende basi, soko halitusubiri.

Niliteremka nikampa bosi funguo. "Kona moja tu kwa leo, mzee."

Akazipokea, akaingia kuendesha, na mimi nikaenda nyuma nikakaa na kina mama juu ya kabichi.