Tao la Baba

Watawa waliponiita nibomoe jengo lao kuukuu na kununua matofali yake, baba alisema lazima aje. Macho yalikuwa yameshamwishia. Masikio, bahati mbaya, yalikuwa mazima.

Abasia ile iko nje ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Udongo wa matofali ulichimbwa pale pale. Shimo lake leo ni bwawa la bata. Ua umezungukwa na baraza la matao, na tao kubwa kuliko yote, la kuelekea kanisani, alilijenga baba akiwa kijana. Bruda mzungu aliyesimamia ujenzi alikuwa na desturi yake: mbao za kushikilia tao zikitolewa, aliyelijenga asimame chini yake. Baba alisimama. Tao halikuanguka. Hadithi hiyo tulikua nayo, na aliyesinzia ikisimuliwa alichapwa.

"Mkifika kwenye langu mtaomba maji," baba aliwaambia vibarua wangu. "Tofali la kilele nipeni mimi. Nitazikwa nalo."

"Si uzikwe na sururu kabisa, mzee?" kibarua mmoja akamjibu.

Mimi nilikuwa nahesabu matofali, kisha narudia, maana watawa husali sana lakini kwenye bei hawana huruma. Nyundo ikagonga lipu juu ya tao. Ikalia ngaa!

Baba akainua kichwa. "Nini hicho?"

Ningeweza kusema jiwe. Nikasema, "Chuma cha reli, baba. Imelala juu ya tao, nguzo hadi nguzo. Ukuta wote umebebwa na hiyo."

"Loo, mzee!" kibarua akaangua kicheko. "Kumbe tao lako lilikuwa pambo!"

"Bruda alinituma Igalula," baba akasema polepole, "nikapokee chokaa stesheni. Niliporudi, kule juu kumeshapigwa lipu. Siku ile nimesimama chini, mafundi walicheka wote. Nikadhani wanafurahi pamoja nami."

Tao lilishuka kabla ya chai. Hakuna aliyeomba maji. Reli ndiyo iliyotutoa jasho hadi jioni.

Tofali la kilele nililipangusa, nikamwekea baba mapajani. Akalipapasa pande zote, kisha akanirudishia.

"Panga na mengine."

Nikalipanga. Mteja wangu wa Goweko alikuwa anasubiri mzigo kamili.