Mahali Saba Palipoachwa Wazi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule kijijini kwetu Mbuji, mwanangu, nilipopanda mlima nyuma ya bibi yangu nikiwa na picha iliyokunjwa mfukoni na uongo ambao sikuwa nimeukiri kwa mtu.

Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, nikisoma sayansi ya kompyuta kwa mpango wa miaka mitano: unaingia mara moja, unatoka na shahada ya uzamili. Lakini kati ya mwaka wa nne na wa tano kuna mlango. Mradi wako usipofikisha alama, unapewa shahada ya kwanza na unaagwa. Niliutaka ule mwaka wa tano kuliko chakula.

Mradi wangu ulikuwa programu ya kusoma picha za milima yetu zilizopigwa kutoka angani na kuhesabu ngolo, yale mashimo ya mraba tunayochimba mteremkoni, yakizungukwa na matuta ya mahindi, ili mvua isibebe udongo. Ilihesabu vizuri kila mahali isipokuwa shamba la ukoo wetu. Pale iliacha mahali saba bila kuhesabu. Nilipoitazama picha kwa macho yangu, niliona miraba imejipanga bila pengo. Nikaifundisha upya, ikaacha saba zile zile. Nikaipa picha za msimu mwingine, saba. Nikaanza kuogopa kubaki nayo chumbani, hata mchana.

Msimamizi wangu alinishauri nikaone kwa miguu yangu. Ni safari ya siku mbili, na muda ulikuwa umekwisha. Basi nikaandika kwa mkono wangu kwenye matokeo, mara saba: ngolo. Alama zikapanda.

Likizo nikaenda nyumbani. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akanitania kwamba miaka minne ni mingi kwa kujifunza kuhesabu mashimo. Yeye angenihesabia kwa kilo moja ya sukari. Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama nimesikia ni nani aliyekuwa akitembea shambani mwezi uliopita, maana alisikia nyayo siku saba mfululizo, na kila alipotoka hakukuta mtu.

Mwezi uliopita ndipo nilipoandika yale maneno saba.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa naona visigino vyake tu. Mara akasimama. Mbele yetu palikuwa na nyasi zilizopangwa mraba na udongo mwembamba juu yake, kama ngolo yoyote, ila katikati hapakuchimbwa. Aliniambia wanawake wa ukoo hupanga vile kila msimu ili mgeni asijue. Chini ya miraba kama ile walilala watoto waliokufa kwa surua kabla ya kubatizwa. Akanionyesha mmoja mmoja, akiwataja kwa majina ya mama zao. Wakafika sita.

"Wameisha," akasema.

Nikafungua picha. Nikamwambia kuna wa saba, kule juu karibu na jiwe.

Bibi alikaa chini kwenye umande. 

"Nani amekuambia?"

"Kompyuta, Bibi."

"Yule nilimzaa kwa siri, tayari amekufa, nikamzika mwenyewe. Hata babu yako hakujua." Akanishika mkono, kiganja chake kilikuwa baridi. "Umewaandika vipi?"

Nikamweleza. Hakupandisha sauti.

"Basi umewachimba. Wafukie. Na usimwambie mtu nikiwa hai."

Nilirudi chuoni, nikayafuta yale maneno saba, nikakiri kwamba niliyajaza bila kwenda kuona. Walimu waliponiuliza pale pana nini, nilisema siwezi kusema. Wakahesabu kuwa ni kosa la programu. Alama zikashuka, wenzangu wakaingia mwaka wa tano, mimi nikaagwa. Nililia ndani ya basi hadi Songea. Bibi ametangulia sasa, ndiyo maana nasimulia.

Nawe unayejiandaa kwenda kusoma kazi hii, nisikilize. Programu yako ikikataa jambo unalotaka ikubali, usiisahihishe ukiwa umekaa kitini. Nenda. Waulize wenye shamba, na uulize kwa adabu, kwa sababu kuna majibu ambayo mtu ameyabeba maisha yake yote. Na alama ya kujaza pengo usilolijua, iache ipite. Mwaka ule wa tano bado unaniuma, sitakudanganya. Lakini shambani kwetu nyayo hazikusikika tena.

Mungu akutangulie katika miaka yako yote mitano, mwanangu. Akupe macho ya kuona na miguu ya kwenda, na popote utakapoandika, waliolala waendelee kulala.