Nyongeza ya Waini Nyeupe

Haya nimeyahakiki mara mbili, kama ninavyohakiki chenji. Siongezi chumvi, chumvi yenyewe inauzwa.

Mimi ni Mwislamu, pombe sijaionja maishani. Ila ndimi ninayepeleka mahitaji kwenye nyumba ya wageni ya Mama Zuhura, Ruangwa. Siku hiyo akaniambia, "Mgeni wangu anataka waini nyeupe, nzuri. Bajeti elfu thelathini. Ukiniletea takataka, tenda nampa mwingine." Tenda ile ndiyo inayosomesha wanangu watatu.

Nikaenda Nachingwea. Saa saba mchana, jua la kukaangia korosho. Nyuma ya soko nikakuta duka ambalo, niamini, sikuwahi kuliona. Ndani mzee, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, hana tone la jasho. Si ningeshtuka? Macho yangu yalikuwa kwenye bei.

"Ya dirishani usiguse," akasema. "Imepikwa na jua. Chukua ya chini, gizani, uitazame kwenye mwanga. Ikielekea kahawia, imekufa."

Alitaka hamsini. Nikataja ishirini.

"Kijana, unanunua waini au maji ya mabibo?"

Tukavutana mpaka thelathini. Nikatoa noti tatu, halafu, kama kawaida yetu sokoni, nikadai nyongeza.

"Sina."

"Mzee wangu, hata muuza ufuta anaongeza kiganja!"

Akanitazama sana. "Haya. Nakuongezea ulimi wangu."

Nikacheka, nikaondoka.

Mgeni akaisifu chupa, tenda ikabaki kwangu. Lakini jioni ile chai ya mke wangu ilikuwa na ladha ya waini. Nilijuaje, nami sijawahi kuionja? Nilijua tu.

Kesho yake nikarudi. Duka halina paa, mpapai umeota ndani. Bibi muuza vitumbua wa jirani akaguna: "Mzee wa waini? Mwanangu, huyo kafa mimi sijaolewa." Juu ya kaunta iliyooza, chini ya kizibo, zilikuwepo noti zangu tatu. Nikazihesabu mara mbili, nikaziacha. Nikizichukua, atanidai nini tena? Mimi, niache elfu thelathini! Pima mwenyewe.

Leo wenye hoteli wananiita niwachagulie chupa. Nanusa tu, sikosei, na nalipwa. Shehe aliniuliza, "Umekunywa?" Sijanywa. "Basi dhambi ya kunywa huna. Ila acha kuisifu."

Lakini Ramadhani, nikifuturu kwa tende, kinachofika kinywani ni waini. Nzuri, ya elfu thelathini.

Kwa hiyo wewe mpenda kupunguziwa, bishana na bei utakavyo. Ukikuta muuzaji asiyetoka jasho saa saba Nachingwea, lipa uondoke. Nyongeza mwachie.