Mzee Aliyeishtaki Darubini Yetu

Mchana kazi yangu ni kukagua chupa za juisi kiwandani Thika. Naziinua moja moja mbele ya taa, natafuta nyufa. Mtu mwenye akili angetoka hapo jioni akayapumzisha macho. Mimi nilikuwa nakimbia nyumbani Kiganjo, nabadilisha viatu, kisha naenda kuchungulia mwezi.

Darubini tuliinunua wawili, mimi na rafiki yangu, mwalimu wa hesabu anayeishi Ruiru. Aliyetuuzia ni mwanafunzi wa Juja aliyekuwa amemaliza masomo na kuhama. Wiki moja tuliisimamisha Ruiru karibu na kwake, wiki iliyofuata Kiganjo, kwenye uwanja mtupu kando ya posho mill ya kusaga unga, ili kila mpita njia achungulie bure. Hilo la bure ndilo lililowatia watu wasiwasi. Mama anayechoma mutura, utumbo uliojazwa nyama, pale kando alituuliza mara mbili kama tunatafuta kura.

Jioni ya kwanza pale Kiganjo, giza lilikuwa limeingia tu na nusu mwezi uko juu ya mabati. Mtu wa kwanza kukaribia alikuwa dereva wa boda boda. Alichungulia, akaruka nyuma, kisha akazunguka mbele ya darubini na kuingiza pua kwenye mdomo wake.

"Unatafuta nini?" mwalimu akamwuliza.

"Stika. Si mmebandika picha ya mwezi hapa ndani?"

Mwalimu akaziba mdomo wa darubini kwa kiganja. "Hebu chungulia tena."

"Haiya! Imeenda."

Akatoa mkono. "Na sasa?"

"Imerudi." Akautazama mwezi kwa macho yake tu, akatazama darubini, kisha akawapigia wenzake mluzi. Punde si punde foleni ilikuwa imefika kwenye moshi wa mutura.

Katika foleni hiyo alikuwamo fundi wa nguo wa mtaa wetu, mzee wa koti na kofia, anayeongea polepole kama anayepima kitambaa. Watu walimpisha kwa heshima. Akafumba jicho la kushoto kwa kidole, akainama, akachungulia.

"Kuna ukungu," akasema.

Nilipangusa lenzi. Bado ukungu. Mwalimu akaweka lenzi nyingine. Bado. Mzee akasimama wima na kuigeukia foleni.

"Watu wangu, msipoteze jioni yenu. Hawa wasichana ni wazuri, lakini mashine yao imeharibika."

Mimi na mwalimu tumeshapita arobaini, kwa hiyo lile neno "wasichana" lilitupunguzia uchungu. Lakini foleni iligawanyika. Nusu walisema wameona vizuri, nusu wakaanza kujiuliza kama kweli waliona.

Tuliporudi Kiganjo, alikuja tena. Ukungu. Safari ya tatu alikuja na leso safi na bisibisi.

"Nifungulieni hapo nyuma niangalie," akasema. "Cherehani yangu nimeifungua mara ngapi, na bado inashona."

Mwalimu aliikumbatia darubini kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Lakini yeye amezoea kutafuta kosa kwenye daftari za watu, na alikuwa amegundua jambo ambalo mimi sikuliona.

"Guka," akamwambia, kwa lile neno letu la babu, "kila mara unatumia jicho la kulia. Hebu jaribu hili lingine."

"Hili lingine si la kuangalia. Hili ni la kufunga. Miaka yote nikitunga uzi kwenye sindano, hili nalifunga."

"Leo tu, guka. Ukiona ukungu, nitakuachia uifungue kwa bisibisi yako."

Akakubali, nadhani kwa ajili ya bisibisi. Akaziba jicho la kulia na kuinama. Alikaa muda mrefu hadi mama wa mutura akaacha kupuliza makaa.

"Kuna mashimo," akasema taratibu.

"Ndiyo, guka."

"Na hapa pembeni kuna mlima. Kivuli chake kimelala upande huu."

Akarudi jicho la kulia. Akarudi la kushoto. Akafanya hivyo mara nne, tano, na hakuna mtu kwenye foleni aliyemharakisha. Mwishowe akauliza, si sisi, ni kama alikuwa anajiuliza mwenyewe, "Kwa hivyo hili limekuwa likinidanganya tangu lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka sketi yangu. Alinishonea sketi ambayo pindo lake lilipanda upande mmoja, na nilipolalamika aliniambia kwa upole kwamba kiuno changu ndicho kimepinda. Nilimwamini. Kwa miezi kadhaa nilitembea nikijaribu kukinyoosha.

Nilitaka kucheka, lakini nikaona uso wake. Alikuwa ameogopa. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Usiwaambie hawa. Fundi asiyeona atapewa nguo na nani?" Foleni nzima ilikuwa imesikia kila neno. Wote walijifanya wanatazama juu.

Watoto wake wanaishi mbali, kwa hiyo Jumamosi nilimpeleka mimi kwenye kliniki ya macho. Muuguzi alimmulika, akamwambia, "Mzee, una mtoto wa jicho."

"Watoto wangu wote nawajua," akajibu. "Huyu ni wa nani?"

Muuguzi alicheka hadi akaweka tochi mezani. Lakini siku ya upasuaji hakukuwa na mzaha. Alikaa kwenye benchi ameshika kamba ya mkoba wangu, na alipoitwa ndani nililazimika kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja.

Wiki kadhaa baadaye alikuja uwanjani peke yake, bila bendeji, amevaa miwani myeusi usiku. Aliivua mbele yangu, akanitazama kwa makini.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Karibu, guka."

Jioni hiyo tulikuwa tumeelekeza darubini kwenye sayari ya Zohali, ile yenye pete. Mwaka huo pete zilikuwa zimetugeukia ubavu, zikaonekana kama mstari mwembamba tu. Mzee aliinama, jicho la kulia, akashusha pumzi.

"Ni kifungo. Na sindano imepita katikati."

Mwalimu akamweleza kwamba ni kama sahani unayoitazama kwa pembeni, na kwamba itajigeuza kidogo kidogo hadi pete zionekane zote, baada ya miaka michache.

"Basi nitangoja," akasema mzee, kana kwamba ni basi la kwenda Ngoliba.

Kisha, bila kuombwa, akajipa kazi ya kuwatangazia waliokuwa nyuma yake. "Njooni muone Zohari! Iko wazi kabisa! Mama, futa mikono kwanza."

"Zohali, guka," mwalimu akamrekebisha.

"Ndiyo. Hiyo Zohari."

Alitangaza hivyo jioni nzima, na kwa sauti yake ya heshima hakuna aliyethubutu kubishana naye. Sasa Kiganjo yote wanasema Zohari. Juzi, kule Ruiru, mbele ya wanafunzi wa mwalimu, nilifungua kinywa kueleza pete zake, na mimi pia jina likanitoka hivyo hivyo. Mwalimu hajaninunia hivyo tangu tufahamiane.