Maua ya Kima Ndani ya Jaruba

Gunia la katani likilowa maji kisha likapigwa na jua hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri: kidogo kamba, kidogo vumbi la mpunga, kidogo mbwa aliyenyeshewa. Juzi nilipita nyuma ya mashine moja ya kukoboa hapa Ifakara nikakuta wamewatandikia bata wao gunia bichi ili wapate ubaridi. Harufu ile ikaniingia puani, nikasimama palepale katikati ya njia mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Nilidanganya, lakini ningeanzia wapi kumweleza mtu aliyekwisha kuwasha pikipiki?

Basi niwaeleze nyinyi, maana mmekaa.

Nilikuwa darasa la nne mwaka ambao baba alikwenda Mahenge kumchukua babu. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na babu alikuwa amebaki peke yake kule juu kwenye baridi, akijipikia na kujifulia. Watu walikuwa wameanza kusema. Kwetu huwezi kuwa na nyumba ya bati mjini huku baba yako anajipikia. Hata kama mzee mwenyewe anapenda kujipikia, utakayesemwa ni wewe. Na baba yangu aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa nyoka wa majaruba ya mpunga. Akapanda lori, akavuka mto kwa pantoni, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa, na baada ya siku tatu akarudi na babu, mablanketi mawili, jembe la mpini mfupi na kopo la ugoro.

Babu alishuka kwenye lori amevaa sweta. Ifakara, jamani, sweta! Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu, lakini hakulivua kwa siku mbili nzima, ubishi tu. Mimi nina jina la bibi, kwa hiyo kwake sikuwa mjukuu, nilikuwa marehemu mkewe. Aliniita Mama Antoni, yaani mama wa baba yangu mwenyewe, na kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo alinijibu kwa malalamiko.

"Marahaba, Mama Antoni. Huyu mwanao amenileta kwenye tanuri. Atanirudisha lini?"

Baba akisikia alijibu, "Baada ya kuuza mpunga, baba." Mpunga ulipouzwa ikawa baada ya barabara kutengenezwa.

Nilimpenda babu, na sababu mojawapo niiseme wazi kwa kuwa haikuwa ya kitakatifu. Shamba letu la mpunga lilikuwa kijiji cha Mbingu. Kila mwaka, kuanzia Januari, wazazi wangu walihamia huko, wakawa wanalala kibandani mpaka mavuno, kama wafanyavyo watu wengi wa bonde hili. Sisi wa shule tulibaki mjini. Msimu uliotangulia kuja kwa babu niliachwa kwa jirani yetu Mama Kalista, mwanamke mwenye moyo mzuri na watoto saba. Nilikula kwake na kulala kwake, tukiwa watano kitanda kimoja, na jioni nilitoroka kwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu iliyofungwa kufuli. Sasa, babu akikaa kwetu, nyumba haitafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na hilo ndilo nililolitaka duniani.

Kopo lile halikuwa na ugoro. Tuligundua siku Mama Kalista, ambaye ugoro ulikuwa udhaifu wake, alipokuja kumpa mgeni pole ya safari. Alilifungua bila kuuliza, akabana kidogo kwa vidole viwili, akavuta. Tukangoja apige chafya. Hakupiga.

"Ugoro wa Mahenge umepoa," alisema kwa huruma.

Babu alilichukua kopo lake akalifunika. Zilikuwa mbegu za maua, laini kama vumbi. Kwa wiki nyingi baadaye, kila Mama Kalista alipopita uani, babu alikuwa akiinama kumchungulia puani na kumuuliza kama yameshaota.

Babu alikuwa mtunza bustani ya misheni kule Mahenge karibu maisha yake yote, na maua hayo aliachiwa na mtawa mmoja Mzungu aliyefia hukohuko. Jina la kitabuni la maua hayo hakulijua au alikuwa amelisahau. Yeye aliyaita maua ya kima, kwa sababu ukilitazama ua lake usoni unaona kima anakukodolea macho. Baba alicheka sana. "Kima wanatumalizia mahindi, na sasa tuwalelee na maua yao?" Lakini alifurahi, nakumbuka alivyofurahi. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Ameanza kupanda. Mtu akishapanda mahali, ameshakaa." Maneno hayo niliyashika kuliko katekisimu. Kwamba maua yakikubali Ifakara, babu naye atakubali.

Nikawa mwanafunzi wake. Alitoboa beseni kuukuu kwa msumari, tukalijaza udongo mweusi wa mtoni tuliouchanganya na pumba zilizooza. Mbegu alizinyunyiza juu tu. Nilipotaka kuzifukia alinipiga kofi dogo mkononi: hizi hazifukiwi, zinataka kuona mwanga. Wala hazimwagiliwi kwa juu, zitaogelea zote upande mmoja. Beseni lilikaa ndani ya karai la maji ili udongo unywe kutoka chini, polepole, mchana na usiku. "Haya hayana kiu," babu alisema. "Haya yana ulevi."

Juni na Julai Ifakara hupoa kidogo, na maua yale yakadanganyika. Yaliota kama ukungu wa kijani, tukayapunguza, tukayahamishia kwenye makopo kivulini, nyuma ya bafu. Mwezi wa nane yakachanua. Njano iliyokolea, na madoadoa mekundu kooni, na kweli kabisa, kila ua lilikuwa na uso wa kima aliyekamatwa akiiba. Ndani palikuwa na kiulimi kilichogawanyika ncha mbili. Ukikigusa kwa unyasi kinajifunga taratibu, mbele ya macho yako. Nilifanya hivyo siku nzima mpaka nikasahau kwenda kuchota maji nikachapwa. Wanawake wa mtaani walikuja kuangalia. Baba alisimama mikono kiunoni, akawaambia kama vile ni yeye aliyeyalea, "Mzee ameshazoea, si mnaona?"

Mwezi wa tisa jua likarudi kazini.

Kwanza yalilala saa sita mchana na kuamka jioni. Halafu yakawa yanalala saa nne. Tukatundika gunia juu yake, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kulilowesha gunia lile, na kulilowesha tena, na bado majani yaliungua pembeni yakawa kahawia. Nilianza kununua barafu za mifuko dukani na kuzizika kwenye mizizi. Siku moja zile nyeupe zilikwisha, nikachukua ya ubuyu. Asubuhi yake sisimizi wa mtaa mzima walikuwa wamefika, na babu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia. Hakuna kitu kibaya kama kufanya kila unachokijua na kuona hakisaidii, tena ukiwa na miaka kumi, ambapo unachokijua ni kidogo sana.

Mchana wa siku hiyohiyo, tukiwa chini ya gunia, babu aliacha kucheka.

"Mama Antoni."

"Abee, babu."

"Haya ni maua ya kule juu. Hapa tunayatesa tu."

"Tutayamwagilia zaidi, babu."

"Hata mimi mnanimwagilia. Mmenipa kitanda, mmenipa samaki, mmeninunulia feni. Mnanimwagilia sana." Akanishika mkono uliolowa. "Mwambie mwanao anirudishe kwangu kabla mvua hazijaanza. Mimi nimesema mpaka nimechoka, yeye anadhani ni uzee unaongea. Wewe anakusikiliza."

Nikasema, "Sawa, babu, nitamwambia."

Sikumwambia. Jioni ile tulipokuwa tukila babu alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, kisha akanitazama tena. Nikaomba niongezewe mboga. Kesho yake alinitazama tena nikakumbuka nimeacha ndoo kisimani. Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni nilipata sababu ya kunyanyuka. Kabla ya kulala nilipiga magoti, nikamwomba Mungu maua yapone na babu asiondoke, nikamaliza na Salamu Maria tatu.

Baba naye alikuwa akiyaona maua yakifa, na yalimuuma. Jumamosi moja alichukua jembe. Alikuwa mtu wa majaruba, na mtu wa majaruba ana dawa moja ya mmea unaopenda maji. Alilima kipande cha ardhi pale uani, akakisawazisha vizuri, akakizungushia kingo za tope, akazipiga kwa bapa la jembe mpaka zikang'aa. Kisha akayang'oa maua yote kwenye makopo, akayapandikiza kwa mistari kama miche ya mpunga, kwa kamba iliyonyooka, akajaza maji ndoo baada ya ndoo. Lilikuwa jaruba zuri sana. Sijaona jaruba zuri kama lile.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Nilimwendea nikamnong'oneza, "Babu, si ulisema yanywe kutoka chini?"

"Mwache," alisema. "Anajitahidi."

Kufikia saa saba maji ya jaruba yalikuwa ya moto kama ya kuogea. Nilitumbukiza mkono nikautoa haraka. Siku ya tatu maua yote yalikuwa yamelegea kama mchicha uliochemshwa, na kima wote walikuwa wameinamia majini. Babu aliinuka, akayang'oa moja moja, akayaweka kwenye kingo.

"Umeona, Antoni?" alimwambia baba.

"Nimeona, baba. Usijali, tutatafuta mbegu nyingine."

"Haya," alisema babu.

Tangu siku ile hakuitaja tena Mahenge. Asubuhi hakuuliza tena atarudishwa lini, na jioni hakunitazama tena. Na mimi nilifurahi. Sitaki kuwaficha: nilifurahi kabisa. Nilidhani Mungu ameniambia, maua hapana, lakini babu chukua.

Januari wazazi walikwenda Mbingu na nyumba yetu haikufungwa. Nilikuwa nikitoka shule naukuta moshi ukitoka jikoni kwetu, nakuta ugali mgumu wa kizee, na babu kwenye kigoda akitazama upande wa milima. Niliyafurahia yale maisha kwa miezi miwili na kitu. Mwishoni mwa Machi alianza kukohoa, mvua ikiwa haikatiki. Mama Kalista alimtuma mtu kwa baiskeli hadi Mbingu, baba akaja, wakampeleka hospitali, wakamrudisha, wakampeleka tena. Alifariki asubuhi moja baba akimnywesha uji.

Baba aliapa atamzika Mahenge, karibu na bibi. Alikwenda mtoni mwenyewe. Mto ulikuwa umefurika na kuimeza barabara ya kwenda Lupiro na Mahenge, pantoni ilikuwa imefungwa kamba kwenye miti, na waendeshaji walimwambia hata wao hawajui ni lini itavuka. Alisimama pale siku mbili kwenye mvua, akirudi jioni ameloa mpaka mifupani. Siku ya tatu padri alimwita pembeni. Tukamzika babu hapa Ifakara, kwenye ardhi ya tambarare, katikati ya watu asiowajua, na kaburi lilikuwa na maji chini hata kabla hatujamshusha.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Mtu aliyelea maua karibu maisha yake yote hahitaji kuyapanda Ifakara ndipo ajue kama yataishi. Babu alijua tangu siku ya beseni. Aliyapanda ili tuone kwa macho tulichokataa kusikia kwa masikio, na sisi tulipoona, tukaongeza maji. Jambo hilo nililibeba kimya. Nimesoma, nimeolewa, nimezaa, na kila walipomtaja babu mezani nilinyanyuka kama nilivyonyanyuka zamani.

Mwaka jana nilimweleza baba. Sasa yeye ndiye mzee, anakaa kwangu, anapepeta mchele barazani ingawa nimemkataza. Nilimwambia, "Baba, babu alinituma kwako mwaka ule. Alitaka umrudishe kabla ya mvua. Nikamwahidi, na sikufikisha." Nilikuwa najitayarisha kugombezwa, na kwa kweli nilitamani anigombeze.

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akauweka ungo magotini.

"Nilijua amekutuma," alisema. "Nilikuwa naona anavyokutazama mezani. Kila jioni nilikuwa namwomba Mungu usiniambie."

Basi kumbe tulikuwa wawili katika nyumba ile, mtu na mwanawe, tukipiga magoti vyumba tofauti kuomba kitu kimoja, na Mungu alitusikia.