Uzi Mwekundu wa Domitila

Domitila hajui kutulia. Hata akiketi goti linacheza, kahawa inamwagika. Anafagia ua uliokwisha kufagiwa na kuwafokea kuku wasio na kosa. Jirani yangu huyu ananichosha, lakini nampenda. Wiki ile alizidi, maana mumewe Eleuterio alikuwa amefunga mzigo wa kwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na lori lilikuwa linapita Jumamosi. Wanaume wetu waliorudi kutoka huko ni wa kuhesabika.

"Si umwambie tu abaki?" nilimuuliza.

"Nimbembeleze? Mimi? Thubutu."

Badala yake akaanza kutafuta ndege mvumaji, yule mdogo anayenyonya maua huku mbawa zikivuma. Huku kwetu milimani, mke akitaka mume asiondoke, huchukua mvumaji aliyekufa, akamfunga uzi mwekundu, akamshonea kwenye kitambaa na kumficha chini ya mto wa mume. Sharti awe amekufa mwenyewe. Wa kuuawa huleta ugomvi. Na wale wetu wenye kishungi, wadogo kuliko kidole gumba, wamekuwa adimu tangu msitu ulipoanza kukatwa ili watu wapande kahawa. Domitila alishinda chini ya miti yenye maua, shingo juu, maharage yakiungua jikoni.

Jumamosi alfajiri alinijia nyumbani akihema. Alikuwa amemkuta mmoja tawini, macho yamefumbwa, wa baridi kabisa.

"Nishikie uzi, shoga. Upesi."

Akauzungusha shingoni mwa ndege. Fundo la kwanza likamponyoka. Akampulizia ndege pumzi manyoya yalale, akampulizia tena, na mimi nikaona kifua kinapanda.

"Domi, huyu yu hai."

"Acha wehu wako."

"Mtazame basi."

Mvumaji akafumbua jicho. Kumbe baridi ya usiku huwalaza hivyo, na joto la kiganja linatosha kuwaamsha.

Domitila akanikazia macho. "Kwa hiyo wale wote tuliowashona?"

Huko chini lori likapiga honi. Uzi ulikuwa bado shingoni mwa ndege, ncha zote mbili vidoleni mwa Domitila. Kuvuta kidogo tu, angepata maiti aliyoitaka. Alizishika ncha zile muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaukata uzi kwa meno, mvumaji akachomoka dirishani, na yeye akakimbilia barabarani peku, mimi nyuma yake.

Eleuterio alikuwa ameshapanda.

"Usiende," Domitila alisema mbele ya wanaume wote. "Nakuomba."

Eleuterio alimtazama kama hajawahi kumsikia akiongea.

"Wiki nzima hunisemeshi, unazurura msituni. Nilijua umenichoka."

"Nilikuwa natafuta ndege wa kukuzuia."

"Ndege?" Alijifuta uso kwa kofia. "Jana jioni nimemkabidhi kaka shamba, Domi. Nimempa na panga. Ungeniambia jana asubuhi, ningebaki."

Dereva akatia gia.